Kabla ya Kuhesabu Watu wa China, Uliza Mpaka Umepita Wapi

Vijana wanaoniandikia wakitaka kufanya uzamivu kuhusu jamii ya China huanza, karibu wote, na swali la lugha: Kichina kitanichukua miaka mingapi? Lugha ni ngumu, sikatai, lakini katika miaka yangu ya kazi hii kilichonikwamisha hakikuwa Kichina, bali tarakimu moja niliyoiamini bila kuihoji.

Nilikuwa nimeandika sura nzima ya tasnifu nikilinganisha pato la kila mkazi katika miji ya kusini, na Shenzhen iling'ara kuliko miji yote. Msimamizi wangu aliisoma, akaweka kalamu mezani, akaniuliza: "Hao wakazi ni akina nani?" Kumbe nilikuwa nimegawa pato la mji kwa idadi ya watu wenye hukou ya pale, yaani walioandikishwa rasmi katika daftari la kaya, nikawaacha nje wafanyakazi wa viwandani ambao ndio waliolizalisha pato lenyewe. Pengo hilo lingalipo: kwa sensa ya 2020 Shenzhen ilikuwa na watu milioni 17.56, ilhali wenye hukou ya mji huo hawakufika milioni 6. Sura ile niliitupa, na kazi ya miezi minne ikaenda na maji.

Hukou iliwekwa katika sheria mwaka 1958, ikamfunga kila raia mahali alipoandikishwa na kumtenga mtu wa shamba na mtu wa mjini. Siku hizi watu huhama kwa mamilioni kutafuta kazi, ila haki zao nyingi hubaki kwao walikotoka, hata mtoto aliyelelewa katika jimbo la Guangdong na wazazi kutoka jimbo la Sichuan huweza kulazimika kurudi Sichuan kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Sensa hiyo hiyo iliwahesabu watu wapatao milioni 376 wanaoitwa wakazi "wanaoelea", yaani wanaoishi mbali na walikoandikishwa. Kam Wing Chan, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Washington, ameliandikia jambo hili kwa miaka mingi. Ningemsoma mapema, sura yangu ingepona.

Kosa la pili, ambalo nalikuta hata katika magazeti makubwa, ni la mpaka. Utasoma kwamba Chongqing ndio mji mkubwa kuliko yote duniani kwa kuwa una watu milioni 32. Chongqing hiyo, iliyotengwa na jimbo la Sichuan mwaka 1997, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 82,400, zaidi ya mara tatu ya Rwanda, na ndani yake mna milima, mashamba ya mpunga na vijiji ambavyo hakuna mtu angeviita mji. Neno la Kichina shi hutafsiriwa "mji", lakini ni eneo la utawala.

Uwandani ndiko nilikojifunza kuuliza vizuri. Nilipanga chumba katika kijiji cha mjini huko Guangzhou, mahali ambapo wanakijiji walipoteza mashamba yao mji ulipotanuka, wakabaki na viwanja vya nyumba na kujenga maghorofa ya kupangisha yaliyokaribiana kiasi kwamba majirani wanaweza kupeana mikono dirishani. Mchana nilikuwa na nguo zinazochuruzika maji juu ya kichwa changu na taa ikiwaka chumbani, kwa sababu jua halikufika chini. Nilimwuliza mama mwenye nyumba, watu wangapi wanaishi hapa? Akanitazama, akajibu: "Unataka watu, au unataka na wapangaji?" Jibu hilo limenifaa kuliko semina zote nilizohudhuria.

Hojaji yangu sikuitoa mfukoni kwa wiki sita. Nilikaa kwenye duka la tambi kuanzia saa tano usiku, mafundi wa viwanda vya nguo walipotoka zamu, nikisikiliza nani anatoka Hubei na nani Hunan. Kifaa cha kupimia mahali kiache: sheria ya China inamkataza mgeni kufanya upimaji bila kibali, na ramani za simu za kule zimesogezwa makusudi, hata nukta yako ikaangukia mtaa wa pili. Mimi nilichora kwa penseli.

Kuhusu ajira nasema kwa ufupi: idara ya chuo kikuu haitafuti mtaalamu wa China, inatafuta mtu wa kufundisha takwimu, miji na uhamaji, basi jiandae kuyafundisha hayo yote.

Hadi leo daftari langu lina safu tatu: tarakimu, mpaka wake, na nani amehesabiwa. Mbili za kwanza hujaa kwa asubuhi moja. Ya tatu, kwa Chongqing pekee, ilinichukua wiki mbili.