Ushauri kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya komplayansi (kuhakikisha kampuni inafuata sheria) Uingereza

Tahadhari ya kwanza niliyopewa kuichambua, yaani taarifa ya mfumo kwamba muamala si wa kawaida, katika kampuni moja ya kutuma fedha London, ilimhusu mzee aliyezoea kutuma pauni 150 Tanga kila mwisho wa mwezi, kisha ghafla akatuma 2,400 kwa siku moja. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na ana wajukuu. Nikaandika "Hakuna cha kutilia shaka", nikaifunga. Msimamizi wangu akairudisha na maneno mawili: "Kwa nini?"

Mimi nilijua kwa nini. Yeyote aliyekulia kwetu anaijua Januari. Lakini faili halikujua, na mkaguzi atakayelifungua baada ya miaka mitatu hatajua. Nikaandika upya: miamala yake ya miezi 12, mwezi wa kufungua shule Tanzania, risiti ya ada aliyotutumia, na kwamba mpokeaji ni yule yule wa tangu mwanzo. Mistari sita. Ikapita.

Wadogo zangu, kazi ya kuzuia utakatishaji fedha ndiyo hiyo. Wengi huja wakidhani watakuwa wapelelezi. Siku nyingi utakuwa unaandika sababu za uamuzi wako, kwa lugha ambayo mgeni kabisa ataielewa. Someni kesi ya benki ya NatWest, iliyokiri makosa mahakamani na kutozwa faini ya pauni milioni 264.8 Desemba 2021. Mteja wake, kampuni ya dhahabu ya Bradford, aliingiza takriban pauni milioni 365, nyingi zikiwa noti, nyingine zimebebwa kwenye mifuko ya taka. Wapo wafanyakazi walioona na wakatoa taarifa. Taarifa hazikufuatiliwa ipasavyo, na fedha zikaendelea kuingia.

Kwenye usaili, msifiche mnakotoka. Mfumo ukisimamisha jina kama Salim Juma Hamad kwa kufanana na mtu aliye kwenye orodha ya vikwazo, mwenzako ataanza kutafuta ukoo wa Hamad. Wewe unajua kwamba Juma ni baba na Hamad ni babu, na kwamba Mohamed mmoja anaweza kuandikwa namna nne katika hati zake mwenyewe. Unajua pia jinsi fedha za simu zinavyotembea, na kwa nini mtu mmoja hupokea kwa niaba ya familia nzima. Fuatilieni na habari za kwetu: Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, Oktoba 2022 ikatoka Juni 2025, Kenya iliingia Februari 2024. Ukiweza kueleza kwa utulivu jambo hilo linabadilisha nini kwa mteja anayetuma fedha Mombasa, msaili ataweka kalamu chini akusikilize.

Suala la viza ni la kuanza nalo mapema, tena mapema sana. Viza ya wahitimu ni ya miaka miwili, na watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18, isipokuwa wenye uzamivu. Tangu Julai 2025 kazi nyingi zilizo chini ya kiwango cha shahada hazidhaminiwi tena na waajiri kwa viza ya kazi, na mshahara wa kawaida unaotakiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa anayetoka kwenye masomo anaweza kuanzia 33,400 ikiwa kima cha mshahara kilichowekwa kwa kazi yenyewe kinaruhusu. Orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Itazameni kabla ya kujaza fomu yoyote. Vyeti vya ICA au ACAMS, taasisi za kimataifa za mafunzo ya kazi hii, vinasaidia, ila ni ghali. Ningengoja mwajiri alipie.

La mwisho ndilo gumu kwangu hadi leo. Msibani, mzee mmoja anayenijua tangu utotoni alinivuta pembeni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, wewe si uko mle ndani? Hebu niangalizie, hela yangu imekwama tangu Jumanne." Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya 2002 inaweza kumfunga hadi miaka miwili mfanyakazi wa sekta hii anayemtonya mteja kwamba ameripotiwa kwa mamlaka. Na hata kama hakuna ripoti yoyote, kufungua faili la mtu unayemjua kunaacha alama kwenye mfumo. Basi tayarisheni jibu kabla hamjaulizwa, liwe lile lile kwa kila mtu. Langu lilikuwa, "Baba, piga huduma kwa wateja, mimi siruhusiwi kuangalia za watu ninaowafahamu." Alinuna. Niliumia, maana ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika. Jumatatu nikamweleza msimamizi wangu kwamba namfahamu mteja huyo, nikaomba liandikwe.