Unaenda kuchimba Turkana? Mikono mfukoni kwanza

Kuna dogo hapa mtaani Kirumba kapata nafasi ya shule ya akiolojia kule Koobi Fora, kando ya ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, kanifuata eti kaka nipe mbinu, sa nimeona bora niandike kabisa.

Kwanza neno ziwa lisikudanganye. Sisi wa Mwanza ukisema ziwa tunawaza kuoga na migomba. Turkana ni jangwa tupu, maji yana magadi, karibu yote yanatoka mto Omo wa Ethiopia na hayana pa kutokea, yanaishia kukaushwa na jua. Usiku upepo unalipiga hema hadi asubuhi. Beba kilemba, mwavuli acha kwa mama.

Sasa kosa langu. Nilipoenda mimi, siku ya tatu nikaona kijipande cheusi kama ukucha wa kidole gumba, nikakigusa na ulimi (mfupa wa kale una vitundu, mara nyingi unanata, jiwe halinati), kikanata! Nikatia mfukoni mbio hadi kambini kama nimevua sangara wa kilo 50. Mwalimu hata hakukiangalia, akauliza tu, "Umekitoa wapi?" Nikaonyesha kilimani. Kilima kipi? Aisee vyote vinafanana.

Unajua, bila mahali hakuna umri, maana umri hawausomi kwenye mfupa wenyewe, wanausoma kwenye majivu ya volkano yaliyolala juu na chini yake. Kuna fuvu la mtu wa kale wa huko huko, namba 1470, alilolikuta Bernard Ngeneo mwaka 1972 lilipewa zaidi ya miaka milioni 2.6 kisa tabaka moja la majivu, wanaliita KBS, lilipimwa vibaya, wasomi wakabishana miaka na miaka, mwisho tabaka likaonekana lina kama milioni 1.9 tu. Fuvu ni lile lile!

Kwahiyo wiki ya kwanza fuata majivu kwa macho, ule mstari wa kijivu unaotembea kilima hadi kilima, uchore kwenye daftari. Ukiona kitu simama hapo hapo, ita mtu.

Mimi wiki ya pili, mbali kabisa na maji, nilikuta pingili ya mgongo wa samaki, maana miaka kama 9,000 iliyopita ziwa lilijaa hadi huko. Nikaijua palepale, sangara! Kwetu kaletwa miaka ya 1950, kule ndo kwao. Nikachuchumaa pembeni yake, mikono mfukoni, nikapiga mluzi hadi mwalimu akaja.