Kuzipa kompyuta majina kupitia seva ya DHCP: mambo ambayo ningependa kuyajua mapema

Ndugu unayeanza kazi ya kutunza mtandao, ninakuandikia kuhusu jambo linaloonekana dogo, yaani jina la kompyuta, kwa sababu ndilo lililonipotezea muda mwingi kuliko mengine yote katika mwezi wangu wa kwanza kazini. Nilikabidhiwa maabara ya chuo yenye kompyuta 40 zinazotumia Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, ambazo zote zilikuwa zimewekewa mfumo kwa kunakili diski ya kompyuta moja tuliyoiita mashine mama. Kwa hiyo kila moja ilijiita "maabara". Kumbukumbu za matukio (logs) za kompyuta hizo zilikusanywa kwenye seva moja, na kila mstari ulibeba jina lilelile, hata diski moja ilipoanza kutoa taarifa za hitilafu nililazimika kupita kiti kwa kiti kuitafuta. Ningeweza kuandika jina jipya katika kila kompyuta kwa mkono, lakini mfumo ulikuwa ukiwekwa upya kila muhula, na kazi hiyo ingerudi kila mara. Ndiyo maana niliamua seva ya DHCP itoe majina hayo.

Wengi wetu tunaifahamu DHCP kama mgawaji wa anwani za IP, yaani namba zinazoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Kompyuta inapowashwa hutangaza kwamba inatafuta seva, seva huipendekezea anwani, kompyuta huiomba rasmi anwani hiyo, kisha seva huithibitisha. Pamoja na anwani husafiri mambo mengine yaliyopewa namba: namba 3 ni ruta, namba 6 ni seva za DNS (mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani), namba 15 ni jina la kikoa, na namba 12, ambayo ndiyo inayotuhusu hapa, ni jina la kompyuta. Namba hizi zimewekwa katika sanifu ya RFC 2132 ya mwaka 1997.

Hapa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa, nami nilichanganyikiwa vilevile: namba 12 hutumika kwa pande zote mbili. Kompyuta inaweza kuitumia kuieleza seva jina ililonalo tayari, ili seva iliandikishe katika DNS. Na seva inaweza kuitumia kuieleza kompyuta jina inalopaswa kulichukua. Unaposoma maelekezo yoyote, jiulize kwanza ni upande upi unaozungumziwa, maana mipangilio ya upande mmoja haikusaidii chochote katika ule mwingine.

Kwenye seva, kazi yenyewe si nzito. Unaorodhesha anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, ya kila kompyuta, kisha unaifungamanisha na jina. Katika dnsmasq, programu ndogo ya seva ya DHCP, mstari mmoja unatosha, kwa mfano dhcp-host=52:54:00:12:34:56,maabara-07,192.168.10.107, na programu hiyo hiyo hujibu pia maswali ya DNS kuhusu jina hilo, jambo linaloifanya niipendekeze kwa maabara ndogo. Katika dhcpd, programu ya seva ya DHCP ya shirika la ISC, ambayo sisi tuliitumia, jina unaloliandika baada ya neno host ni kitambulisho tu ndani ya faili. Halitumwi kwa kompyuta mpaka uongeze use-host-decl-names on, au uliandike jina waziwazi kwa option host-name. Ikiwa unaanza leo, fahamu kwamba ISC iliacha kuihudumia dhcpd mwishoni mwa 2022 na kuwaelekeza watumiaji kwenye Kea, seva yake nyingine ya DHCP, ambayo ina sehemu ya jina katika kila anwani iliyotengwa.

Niliyafanya hayo yote, nikaiwasha upya kompyuta, nayo ikaendelea kujiita "maabara". Kwa siku tatu nilibadilisha mipangilio ya seva bila mafanikio, hadi nilipotumia tcpdump, programu ya kutazama mawasiliano ya mtandao, kuangalia pakiti za milango (ports) ya 67 na 68 inayotumiwa na DHCP na kuona kwamba jibu la seva lilikuwa na jina "maabara-07" tangu mwanzo. Kosa halikuwa kwenye seva. Seva ya DHCP hupendekeza jina, lakini uamuzi wa kulipokea ni wa kompyuta yenyewe. Katika Debian, hati ya amri (script) ya dhclient, programu inayoomba anwani kwa seva ya DHCP, hulipokea jina pale tu ambapo kompyuta haina jina, au inajiita "localhost", au bado inatumia jina ililopewa na DHCP hapo awali. Ikiwa ina jina lake jingine, hulihifadhi hilo. Mifumo inayotumia systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ina kanuni inayofanana na hiyo: jina lililoandikwa katika faili ya /etc/hostname hulishinda lile lililotoka kwenye mtandao. Dawa yake ni kuiacha mashine mama ikiitwa "localhost" kabla ya kuinakili. Windows, kwa upande wake, huipelekea seva jina lake lakini haipokei jina kutoka kwa seva, hivyo kompyuta za Windows zipe majina wakati wa kuziwekea mfumo.

Kabla ya kunakili, futa pia yaliyomo ndani ya /etc/machine-id, faili yenye namba ya utambulisho ya kompyuta, ukiiacha faili yenyewe tupu. Baadhi ya programu za mtandao, ikiwemo systemd-networkd, hutengeneza kitambulisho cha DHCP kutokana na namba iliyomo humo, na kompyuta mbili zenye namba moja zinaweza kuonekana kwa seva kuwa ni kompyuta moja, zikapewa anwani moja ingawa MAC zao ni tofauti.

Kuhusu majina yenyewe, tumia herufi, tarakimu na kistari peke yake, kwa kuwa mstari wa chini haukubaliki katika majina ya kompyuta. Kikomo ni herufi 63, lakini usizidishe 15 ikiwa mtandao wako una Windows. Mimi huita kompyuta kwa namba ya kiti, kamwe si kwa jina la mtu anayeitumia, kwa sababu watu huhama. Na kadi ya mtandao ikiharibika, ninabadilisha MAC katika mstari mmoja wa seva na kiti kinabaki na jina lake.

Hakikisha pia kwamba jina linapokelewa wakati kompyuta inawaka, kabla mtumiaji hajaingia. Jina likibadilika wakati mtu yuko kazini, ruhusa za X (mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini) zilizofungamanishwa na jina la zamani zinaweza kukataliwa na madirisha mapya yakashindwa kufunguka, na sudo, amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi, inaweza kulalamika kwamba jina halipatikani, kwa kuwa /etc/hosts bado ina jina la mashine mama. Ijaribu njia yote katika kompyuta moja, uizime na kuiwasha mara mbili, kisha ndipo uinakili diski kwa zilizobaki.