Maneno unayajua, lakini Kiingereza cha mazungumzo kinakupita

Ndugu, nimekuelewa: barua za ofisini unazisoma bila shida, ila wageni hapo hotelini wakianza kupiga soga unabaki kutabasamu tu. Wengi wako hapo ulipo.

Orodha za nahau achana nazo, zinachosha na hazikai kichwani. Sikiliza vipindi vifupi vya BBC Learning English. Ni bure, na vingi vina maandishi yake. Kwanza sikiliza bila kusoma. Ukikwama, usikimbilie kamusi, angalia kilichotangulia na kilichofuata. Mgeni akisema "I'm under the weather, I'll skip the tour", hiyo safari anayoiacha ndiyo inayokuonyesha kwamba hajisikii vizuri. "Weather" ni hali ya hewa, lakini hapo mvua haimo kabisa. Halafu kahakikishe, maana kubahatisha nako kunapotosha.

Daftarini andika sentensi nzima, nani kaisema na kamwambia nani. Hilo la mwisho watu hulipuuza, kisha unamkuta mtu anamwandikia meneja wake lugha ya kijiweni.

Kama lengo ni IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, tafuta mwalimu. Huko utapimwa kuandika na kuzungumza pia, na insha yako inahitaji mtu wa kuisahihisha.