Anti-HBc ya mtoto imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina virusi vya homa ya ini B, niligundulika kliniki nikiwa mjamzito. Mwanangu ana miezi 11. Alichomwa chanjo siku ile ile aliyozaliwa, tuliilipia wenyewe, kisha akamaliza za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Majibu yake ya maabara: HBsAg hasi, anti-HBs 240, anti-HBc chanya. Nimeambiwa chanjo haileti anti-HBc. Ina maana nimemwambukiza?

JIBU: Marahaba, mama. Hujamwambukiza. Kwa majibu hayo, mwanao amekingika.

Aliyekuambia chanjo haileti anti-HBc amesema kweli. Kirusi hiki kina ganda kwa nje na kiini kwa ndani. Chanjo ni protini ya ganda peke yake, huzalishwa kwa kutumia hamira, na kiini hakimo kabisa. Ndiyo maana aliyechanjwa tu hutengeneza kingamwili za ganda, yaani anti-HBs, basi. Aliyeambukizwa mwili wake umekutana na kirusi kizima, hivyo huwa pia na kingamwili za kiini, yaani anti-HBc, na kwa kawaida hudumu nayo maisha yote, hata akipona. Angekuwa mtu mzima, ningesema amewahi kuambukizwa.

Lakini huyu ni mtoto wa miezi 11, na damu yake bado ina vitu vyako. Ulipokuwa na mimba, kingamwili zako za kiini zilipita kwenye kondo la nyuma zikamfikia. Kilichopita ni kingamwili, si ugonjwa. Hupungua polepole, na wapo watoto wanaokutwa nazo hadi karibu miaka 2. Kwa umri huu mimi kipimo hicho sikiombi. Kinawanyima wazazi usingizi bila sababu.

Rudi kwenye mstari wa kwanza wa karatasi yako. HBsAg ni ganda la kirusi chenyewe linaloonekana kwenye damu. Watoto wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi kwa muda mrefu, na kwao kipimo hiki kingekuwa chanya. Cha mwanao ni hasi. Halafu ile anti-HBs 240: ili kusema mtu amekingika, sisi hutafuta 10 na kuendelea. Wala hizo hakuzitoa kwako, kwa sababu mwenye virusi kwa kawaida hana anti-HBs. Amezitengeneza mwenyewe kwa chanjo. Miaka ijayo namba hiyo itashuka, pengine hata chini ya 10, usishtuke. Mwili uliokwisha kuitikia chanjo hubaki na kumbukumbu yake.

Endelea kumnyonyesha. Baba yake na watoto wengine nyumbani wapimwe, na wasio na kinga wachanjwe. Nawe hujaniambia ini lako na wingi wa virusi vilipimwa lini mara ya mwisho. Kama ni tangu ujauzito, nenda wiki hii.