Maswali ya ung'eng'e: leo tumkamate huyu "get"

Niliwaambia mnitumie neno lolote la Kiingereza linalowatoa jasho, af karibu nusu yenu mkaja na huyu huyu "get". Sishangai bana. Shule tulikaririshwa get ni kupata, tukafunga daftari, sasa unaingia kazini unamkuta anashuka kwenye basi, anaoa, anachelewa, anaelewa, na kupata kwenyewe humuoni.

*Ticha shikamoo. Jumatatu nilimwambia bosi wangu, ni mgeni hapa mjini, "I braided my hair on Saturday", akaniuliza nachaji shilingi ngapi maana mke wake anatafuta msusi. Nilichapia wapi? (Dada wa Tabata)*

Marahaba mdogo wangu, nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wakanishangaa. Sentensi yako haina kosa la sarufi hata moja, tatizo umekihamisha Kiswahili chetu kama kilivyo. Sisi mtu akisema nimesuka, wote tunajua amekaa kwenye stuli masaa manne, kuna dada nyuma anamvuta nywele, yeye kazi yake ni kushika rasta na kuvumilia. Ni hivyo hivyo nimenyoa, wakati mkasi kashika kinyozi, au nimeshona gauni la sendofu na cherehani hujawahi hata kuigusa. Kwetu kazi ni ya aliyelipa! Mzungu yeye ukimwambia "I braided my hair" anaelewa ni vidole vyako vimefanya, na ukisema "I sewed a dress" anaanza kukupa heshima usiyostahili.

Hapo ndo get anapoingia. Unaanza na get, unataja kitu, af kitenzi kinakaa mwisho kwenye ile fomu ya tatu tuliyokuwa tunakariri (go, went, gone): "I got my hair braided." Nimenyoa, "I got my hair cut." Nimeshona gauni, "I got a dress made." Nimetengeneza simu Kariakoo, "I got my phone fixed in Kariakoo", na hapo hakuna atakayekuletea simu yake mbovu ofisini. Ukitumia "had" badala ya got maana ni ile ile, ila inakuwa imevaa tai kidogo.

Ukitaka kumtaja fundi mwenyewe mambo yanabadilika, inabidi uweke "to": "I got my brother to fix it", yaani nilimbembeleza kaka mpaka akatengeneza. Ile "to" watu wengi wanaiacha njiani.

*Mimi naendesha bajaji, wageni napakia sana. Niwaambie "get in" au "get on"? (Kaka wa Gongo la Mboto)*

Bajaji ni "get in". Angalia chombo chenyewe, kama ni kile ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani, mfano mwendokasi, treni ya SGR, pantoni ya Kigamboni, ndege, hivyo ni "get on" kupanda na "get off" kushuka. Vya kukalia kama farasi navyo vinafuata huko huko, bodaboda na baiskeli. Vile vya kujikunja ukaingia na kukaa, yaani teksi, gari ya mtu binafsi na hiyo bajaji yako, ni "get in", na kushuka ni "get out of". Kuna mtu ataniuliza vipanya je, mbona mle tunasimama tumekunja shingo kama twiga kwenye chumba cha kupanga? Vipanya vinahesabiwa ni mabasi, kwaiyo "get on", shingo ni juu yako.

Ila kaka nikuonye kitu, mmefika usimgeukie mteja ukamwambia "get out" kavu kavu, hiyo anaisikia kama unamfukuza. Sema tu "here we are", atashuka mwenyewe. Na nyie abiria mnaosema "I will drop at Buguruni", drop ni kudondoka jamani, mtu atafikiri mlango ni mbovu. "I'll get off at Buguruni", au umwambie dereva "drop me at Buguruni", hapo yeye ndo anakushusha.

*Binti yangu anasema "I got married", na kaka yake pia anasema "I got married". Kwani hawa Waingereza hawana kuoa na kuolewa? (Mama wa Temeke)*

Hawana mama yangu. Mke na mume wote ni "get married", hata "she married him" inakubalika kabisa, ukiitafsiri kwetu ni kwamba dada kamuoa kaka na wazee kijijini wataitisha kikao. Cha kumrekebisha mwanao ni pale anaposema "married with", sahihi ni "got married to".

*Got au gotten? (Kaka wa Sinza)*

Kwa Wamarekani "I have gotten", kwa Waingereza wa leo "I have got", chagua upande usichanganye. Shuleni tumefundishwa ya Uingereza kwaiyo mtihani andika got. Usimcheke anayesema gotten lakini, ni fomu ya zamani iliyokuwepo huko huko Uingereza kabla hawajaiacha.

*Nikiwa kwenye simu na mteja wa nje na mtandao unakatakata huwa namuuliza "do you get me?" Iko sawa? (Dada wa Mbezi)*

Haiko sawa kwa hiyo ishu. Wewe unataka kusema unanipata, yaani sauti inafika? Sasa "do you get me" yeye anasikia unamuuliza kama ameelewa, tena kwa ukali kiaina. Muulize "can you hear me?" Hii kupata yetu inatuponza kweli, maana kuna sehemu inaingia vizuri, kapata malaria ni "she got malaria", huna kesi. Ila kapata ajali ni "she had an accident", kapata mtoto ni "she had a baby", ukisema "got a baby" inakuwa kama kaenda kuchukua mahali. Na kuna sehemu get anakuja kwetu hakuna kupata yoyote, nimekwama foleni Ubungo, "I got stuck in traffic", giza linaingia, "it's getting dark". Akifuatwa na neno la hali kama dark, tired, late, huyo get anabadilisha hali tu.

*Nilifanya intavyuu Posta wakaniambia "we'll get back to you". Ndo watanirudia? (Kaka wa Mbagala)*

Maana yake tutakujulisha. Hata aliyeshindwa anaambiwa hivyo hivyo. Kama wiki mbili zimepita watumie ujumbe mfupi wa kuulizia, huku unaendelea kupeleka CV kwingine.