Kwa wadogo zangu mnaoanza kupima nyumba za zamani Lubumbashi

Nimepitia releve zenu, ile michoro ya vipimo, za mtaa wa Kamalondo. Plani ni safi, fasadi (nyuso za nyumba) zimechorwa mpaka ufa wa mwisho, picha zimepigwa asubuhi jua likiwa upande wake. Lakini katika mafaili yote hayo hamna mtu. Nani analala chumba cha mbele? Kwa nini kizingiti cha mlango wa pembeni kimelika kuliko cha mlango mkubwa? Mlifika, mkapima, mkaondoka mama mwenye nyumba akiwa bado anawatafutia viti. Nawapenda sana, ndiyo maana nagomba.

1. Salamu kwanza, mita baadaye. Hili silielezi.

2. Barza, ule ukumbi wazi wa mbele ya nyumba, si urembo. Hapa mnivumilie.

Pesa ya shaba iliporudi mjini baada ya sheria ya madini ya 2002, kila mrithi mwenye nyumba kando ya avenyu alitaka duka. Familia moja ikaniita. Nyumba ya matofali ya kuchoma, barza ndefu, nguzo fupi nene, sakafu ya simenti nyekundu iliyopakwa nta hadi inateleza. Watoto walitaka kubomoa yote wapandishe etaji, yaani ghorofa. Nikabishana nao mpaka wakakubali nusu: fasadi inabaki, nguzo zinabaki, barza inafungwa kwa vioo na kupangishwa. Wote wakatia sahihi. Nikatembea kifua mbele, namwonyesha kila mtu picha za kabla na baada, hata wasioomba.

Oktoba ikafika, na Oktoba ya kwetu mnaijua. Vyumba vya mbele vikawa tanuru. Kumbe barza ndiyo iliyokuwa inazuia jua lisiguse ukuta na kuvuta upepo ndani. Hilo nilifundishwa shuleni, nikafaulu mtihani wake, nikalisahau mbele ya mteja. Kisha shangazi wa familia akafa. Zamani kilio kingekaa barza: wazee kwenye viti, wamama chini kwenye mikeka, vijana kwenye ngazi wakijifanya hawasikii mambo ya urithi. Safari hii wakakodi hema, wakaziba nusu ya avenyu, madereva wa teksi wakatukana wafiwa. Nilipokwenda kutoa pole, mama mwenye nyumba alinishika mkono, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mtoto wangu, sasa wageni niwaweke wapi, ndani ya duka la simu?"

Nilikuwa nimewauliza warithi. Nilikuwa nimeuliza komini, yaani serikali ya mtaa, na hata mpangaji. Yeye aliyekuwa anakaa barza ile kila jioni sikumuuliza; nilikunywa chai yake tu. Na duka lingeweza kuingia pembeni, upande wa geti, ambako kulikuwa na gereji isiyo na gari. Nilikuwa nimeipima gereji ile kwa mkono wangu, iko kwenye plani. Vioo viko pale mpaka leo, na mimi nikiweza napita avenyu nyingine.

3. Ukuta wa zamani msiupige simenti ngumu, unyevu utakosa pa kutokea na tofali litaanza kumomonyoka, ulizeni chokaa.

4. Sheria ya 15 Machi 1971 juu ya kulinda mali ya utamaduni ipo. Tembeeni na kopi yenu, kwa sababu ofisi nyingine mtawafundisha ninyi.

5. Msitake kila jengo lirudi lilivyozaliwa. Teatri ya msanifu Claude Strebelle ya miaka ya 1950 ilijengwa kwa maonyesho, baadaye ikawa bunge la jimbo, na watu wanaijua kama Bâtiment du 30 Juin. Mwambieni mtu wa mji huu kwamba hiyo ni teatri "tu" muone atakavyowatazama. Andikeni maisha yote ya jengo, na majina yote pia: mji ulianza 1910 ukiitwa Élisabethville, ukawa Lubumbashi 1966, na Kamalondo yenyewe iliitwa Albert. Mzee akikutajia baa iliyofungwa zamani, iweke kwenye ramani. Na ule ukanda uliotenga mji wa Wazungu na makao ya Waafrika, mwenzenu mmoja kauacha mweupe kabisa eti "hakuna jengo la maana". Ulikuwa mtupu kwa makusudi, kaka! Utupu huo ndio wa kuchora. Wazee wengine wanaukumbuka kuliko kanisa kuu.

6. Terili, lile lundo la makapi ya kiwanda cha shaba. Hakuna hata mmoja wenu aliyeiweka kwenye orodha, kwa kuwa si nyumba. Lakini mchoraji wa mtaani akitaka kuonyesha Lubumbashi anaanza na nini? Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na ule mlima mweusi wa makapi. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa 1911, na mlima umeota humo. Sasa wenyewe unaliwa, maana kobalti inachotwa humo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wala siwalaumu wanaochota. Kuuzuia hatuwezi. Kupiga picha tunaweza: kila mwaka, mwezi uleule wa kiangazi, kutoka sehemu ileile, na bomba liingie kwenye picha ili tupate kipimo. Chagueni etaji moja yenye paa la kupanda na mlinzi asiye mkali. Msinitazame mimi, magoti yangu yameshastaafu.